Mlezi Naye Apimwe

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville iliyo jirani na Boston, Marekani, ulianza mradi ambao hata leo ukiusoma kwenye karatasi huoni kasoro yake. Daktari Richard Clarke Cabot, profesa wa Harvard aliyetokea katika ukoo wa wenye mali, aliamini kwamba mvulana anayekulia kwenye mtaa wa viwanda, penye umaskini na wizi, ataokoka akipata mtu mzima mmoja wa kumshika mkono kwa miaka kadhaa. Wavulana wakatafutwa, wengi wao wakiwa na umri wa miaka kumi hivi. Wakapangwa wawiliwawili kwa kufanana: umri, hali ya nyumbani, akili, tabia. Kisha sarafu ikarushwa. Mmoja akaingia kwenye mradi, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Mwishowe zilibaki jozi 253.

Walioingia hawakunyimwa kitu. Mshauri alifika nyumbani karibu mara mbili kwa mwezi. Aliyebaki nyuma darasani alifundishwa masomo ya ziada, aliyeugua alipelekwa kwa daktari, wengi walipata nafasi ya kwenda kambini wakati wa kiangazi, na wazazi wenye matatizo nao walisaidiwa. Kwa wastani msaada huo ulidumu takriban miaka mitano. Cabot hakuuona mwisho wake, kwani alifariki mwaka huohuo wa 1939.

Miaka thelathini baada ya mradi kufungwa, mtafiti wa uhalifu Joan McCord aliwasaka wavulana wale, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye watoto. Alipekua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo, akawaandikia walio hai. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walijibu kwamba mradi uliwafaa. Walikumbuka ushauri mwema, wakawakumbuka washauri wao kwa mapenzi. Kumbukumbu za serikali zilisema mengine. Katika ripoti yake ya mwaka 1978, McCord alionyesha kuwa waliosaidiwa walikuwa wamewazidi wenzao walioachwa kwa kurudia uhalifu, kwa ulevi na kwa dalili za magonjwa makubwa ya akili. Walikuwa wamekufa mapema zaidi na kupata kazi za hadhi ya chini. Baadaye aligundua jambo la kutisha zaidi: aliyesaidiwa kwa muda mrefu na kwa wingi ndiye aliyedhurika zaidi.

Ningependa kila anayeandika andiko la kuomba fedha za kuwasaidia vijana walio hatarini aanze kwa kuisoma ripoti hiyo. Haipingi ulezi hata kidogo. Inachokataa ni ile tabia yetu ya kuuliza swali moja tu mradi unapoisha, yaani kama vijana waliupenda, na kulichukua jibu kuwa ndilo tokeo.

Kilichoharibika ni nini? Jibu lenye nguvu kuliko yote lilikuja mwaka 1999, McCord alipoungana na Thomas Dishion na François Poulin. Walipochambua upya takwimu, waliona sehemu kubwa ya madhara imewaangukia wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Dishion alikuwa ameshawarekodi kwa video wavulana wa Oregon wakipiga soga na marafiki zao, akahesabu kinachotokea kila mmoja anapotaja utundu au uvunjaji wa sheria. Wenzake wakicheka, habari hiyo inarudiwa na kukuzwa. Kicheko kile, kwa hesabu zake, kiliweza kutabiri nani angezidi kuharibika miaka iliyofuata. Basi chukua wavulana wenye matatizo, waweke pamoja majuma kadhaa mbali na wazazi, na uwaachie muda mwingi usio na shughuli. Mshauri ana saa zake chache za nasaha, nao wana usiku kucha wa kuchekeshana. Nasi huku kwetu, mwanafunzi akishindikana, la kwanza linalotujia kichwani ni kumpeleka mahali walipokusanywa wenzake walioshindikana.

Lakini kabla ya kuwakabidhi vijana kwa yeyote, kuna swali la kibayolojia ambalo limejibiwa vizuri tangu hapo: kwa nini kijana wa miaka 15 amhitaji mtu mwingine, ilhali ana mama na baba?

Katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, kulibuniwa kipimo cha kuupandisha msongo mwilini kwa makusudi. Mtu hupewa dakika chache aandae hotuba, kisha huitoa mbele ya waamuzi walioambiwa wasitabasamu wala kutikisa kichwa, halafu anapewa hesabu za kutoa kwa kichwa huku akisahihishwa kila anapokosea. Mate yake hupimwa kiasi cha kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga ukihisi uko hatarini. Mwaka 2015 Camelia Hostinar, Megan Gunnar na wenzao walilitumia zoezi hilo kwa watoto wa miaka 9 na 10, na kwa vijana wa miaka 15 na 16. Baadhi waliandaa hotuba wakiwa na mzazi, wengine wakiwa na mtu wasiyemfahamu. Kwa watoto, kuwa na mzazi kuliizuia kotisoli isipande. Kwa wale wakubwa, mzazi hakuleta tofauti yoyote. Kotisoli ilipanda vilevile, awe amekaa na mama yake au na mgeni.

Mama hajapoteza upendo wala busara yake. Ni mwili wa kijana, baada ya balehe, unaoacha kuupokea utulivu kwa njia ileile ya utotoni. Na hapohapo ndipo maradhi ya akili hujitokeza kwa kishindo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliounganisha tafiti 192 zenye watu zaidi ya 700,000, ulikuta karibu nusu ya waliougua walianza kabla ya kutimiza miaka 18, na umri ambao wengi zaidi walianzia ni miaka 14 na nusu. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya wanne katika kila kumi wa umri wa miaka 10 hadi 17 wamepitia tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja. Kwa takriban mmoja kati ya wanane, hali ilifikia kiwango cha ugonjwa.

Wazee wa pwani, ambao hawakupima mate ya mtu, walilipanga jambo hili kwa namna yao. Mwari hakufundwa na mama yake. Alikabidhiwa kungwi au somo, mtu mzima wa nje ya chumba cha wazazi, ambaye uhusiano naye haukuisha siku ya kutolewa ndani. Huenda tusikubaliane na yote yaliyofundishwa unyagoni na jandoni, na mimi ni mmoja wa wasiokubaliana na mengi. Ila ule mpango wa kumtafutia kijana mtu wa tatu, kwa umri maalumu na kwa miaka mingi, ulikuwa na akili ndani yake.

Hiyo miaka mingi nayo imepimwa. Shirika la Big Brothers Big Sisters la Marekani humuunganisha kijana mmoja na mtu mzima mmoja wa kujitolea, wakutane mara kadhaa kwa mwezi, wacheze, watembee, wazungumze. Mwaka 1995 Joseph Tierney na Jean Grossman walitoa matokeo ya jaribio lenye vijana 959 wa miaka 10 hadi 16, wapo waliopata mlezi mara moja na wapo waliosubiri kwenye orodha. Baada ya miezi 18, waliopata mlezi walikuwa na uwezekano mdogo wa kuanza dawa za kulevya kwa asilimia 46, na wa kuanza pombe kwa asilimia 27. Habari hiyo ilishangiliwa sana, na programu za ulezi zikaota kila mahali kama uyoga.

Miaka saba baadaye Grossman, safari hii na Jean Rhodes, aliirudia takwimu ileile kwa swali jingine: ulezi ulidumu muda gani? Faida ilikuwa imerundikana kwa waliokaa na mlezi wao mwaka mzima au zaidi. Ambao mlezi wao aliondoka kabla ya miezi mitatu hawakubaki pale walipoanzia. Walirudi nyuma, wakajiona wana thamani ndogo kuliko kabla ya kuletewa mtu. Ukiwaza kidogo utaona sababu. Wengi wa vijana hawa wameshaachwa na mtu: baba aliyehama, mama aliyekwenda mjini kutafuta, mjomba aliyeahidi ada. Anayekuja na kutoweka anawathibitishia walichokuwa wanakishuku juu yao wenyewe.

Ndiyo maana huwa nakosa raha nikiona shule imealika mhamasishaji wa siku moja, mwenye kipaza sauti na suti, anayewaliza wanafunzi mia nane ukumbini kisha anapanda gari. Mwanafunzi mmoja atamfuata nje amweleze jambo zito. Kesho atalimalizia kwa nani?

Hata hivyo muda nao hautoshi, na wavulana wa Cabot ni ushahidi, maana wao walipewa miaka mitano. Linabaki suala la kinachofanyika ndani ya muda huo. Chicago ina programu iitwayo Becoming a Man, inayokutanisha wavulana wa sekondari mara moja kwa juma, saa moja, ndani ya ratiba ya shule. Zoezi lao maarufu ni hili. Mvulana anapewa mpira aufumbate mkononi. Mwenzake anapewa sekunde thelathini aupate. Karibu wote hutumia nguvu: kufumbua vidole, kukunja mkono, kuangushana. Muda ukiisha, kiongozi anauliza kwa nini hakuna aliyeuomba. Wanacheka, wanasema asingenipa, angeniona mnyonge. Kisha yule aliyekuwa na mpira anaulizwa, na mara nyingi anajibu kwamba angeombwa angetoa, mpira wenyewe ni wa nini?

Hapo hakuna hotuba ya maadili. Mvulana amekishuhudia kichwa chake kikiamua kabla yeye hajaamua. Mtaani, ule wepesi wa kujibu kwa ngumi unaweza kuwa na maana, kwa sababu anayeonekana laini leo huibiwa tena kesho. Darasani, au mbele ya polisi, wepesi huohuo unamwangamiza. Anachojifunza ni kusimama kidogo na kuuliza, hapa niko wapi? Majaribio mawili makubwa, yaliyochapishwa mwaka 2017 na Sara Heller na wenzake, yalionyesha kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua karibu nusu programu ilipokuwa ikiendelea, na waliomaliza shule kwa wakati wakaongezeka. Baada ya programu kwisha, nafuu ya upande wa kukamatwa haikuendelea.

Chicago ina wanasaikolojia wa kuajiri. Huku kwetu hawapo wa kutosha, na mzazi anayemjua mmoja mara nyingi hana nauli ya kumfikia wala ada ya kumlipa. Kwa hiyo swali la Afrika Mashariki lilikuwa gumu zaidi: je, mtu asiye na shahada yoyote anaweza kuifanya kazi hii bila kumdhuru mtoto?

Tom Osborn, Mkenya aliyekuwa akisoma saikolojia Harvard, alilijibu kwa njia ambayo watu wengi wangeikataa kwenye mkutano wa kwanza. Yeye na wenzake, akiwemo profesa John Weisz, waliwachukua vijana wa miaka kati ya 18 na 22, waliotoka tu kumaliza kidato cha nne, wakawapa mafunzo mafupi na kuwapeleka mashuleni kuongoza makundi ya wanafunzi wenye dalili za sonona na wasiwasi. Mpango huo, uitwao Shamiri, una vikao vinne tu, kimoja kwa juma, kila kimoja saa moja. Viwili vya mwanzo vinahusu kubadilika: wanafunzi wanasoma jinsi ubongo unavyojijenga upya mtu anapojifunza, kisha wanasimuliana matatizo waliyowahi kuyashinda. Cha tatu ni cha shukrani. Cha nne kila mmoja anataja mambo anayoyathamini kuliko yote na kupanga namna ya kuishi kwa kuyafuata. Magonjwa hayatajwi. Hakuna anayeitwa mgonjwa, na mwanafunzi akionwa akiingia chumbani hawezi kuzushiwa kwamba kichwa chake kimeharibika.

Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2020, lilifanyika katika shule ya Kibera kwa wanafunzi 51. Dalili zilipungua na alama za mitihani zikapanda. Ni wachache mno hao, na mtu mwenye shaka angekuwa na haki ya kuguna. Jaribio la pili, la mwaka 2021, lilikuwa na wanafunzi 413 wa shule nne za Nairobi na Kiambu, wa miaka 13 hadi 18. Ninachokistahi hapo ni kundi walilolinganishwa nalo. Lingeweza kuwa kundi la watu waliokaa bure, ambalo mtu yeyote angelishinda. Badala yake nusu nyingine ya wanafunzi nao walipewa vikao vinne, saa ileile, vikiongozwa na vijana wa aina ileile, ila wakafundishwa mbinu za kusoma: kuandika muhtasari, kupanga ratiba ya marudio. Kwa hiyo wote walipata kaka au dada wa kuwasikiliza, na wote walipata kundi. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Kundi la Shamiri lilipata zaidi, kwa sonona na kwa wasiwasi, na miezi saba baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Matokeo hayo yanasema mambo mawili kwa pamoja. Kukutana na kijana aliyekutangulia kidogo, kwa utaratibu, kunasaidia hata mkizungumza habari za ratiba ya marudio. Lakini kinachozungumzwa kina uzito wake wa peke yake. Umri wa kiongozi nao, kwa maoni yangu, una kazi. Wa miaka 19 hana mamlaka ya mwalimu wa nidhamu, tena si mwenzao wa bwenini wa kumchekea anaposimulia utundu.

Tusiipambe zaidi ya ilivyo. Dalili zilipimwa kwa fomu za maswali ambazo wanafunzi walizijaza wenyewe, na kilichotibiwa kilikuwa dalili, hakikuwa umaskini wala kipigo cha nyumbani. Vilevile, kinachofaulu mahali pamoja si lazima kifaulu jirani. Jaribio la Shannon Dorsey na wenzake, lililochapishwa mwaka 2020, liliwafikia watoto 640 waliofiwa na mzazi, huko Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania. Washauri hawakuwa wataalamu, na tiba ilikuwa ya mazungumzo juu ya msiba na majeraha yake. Mwaka mmoja baada ya tiba, watoto wa Kenya, wa mjini na wa kijijini, walikuwa bado mbele ya wenzao waliopata huduma za kawaida. Wa Moshi na vijiji vyake walikuwa wamelingana na wenzao.

Na kuna vijana ambao vikao vinne haviwezi kuwagusa. Monrovia, Liberia, baada ya vita, Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan walishirikiana na shirika la huko lililoanzishwa na Johnson Borh. Walitafutwa wanaume 999 wa miaka 18 hadi 35 walioishi kwa wizi, unga na ugomvi. Wengine walipata majuma manane ya vikao, wengine dola 200 mkononi, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Viongozi wa vikao walikuwa wanaume waliotoka katika maisha yaleyale. Sehemu ya mafunzo ilikuwa kunyoa, kuvaa nguo safi, kuingia benki au dukani na kuulizia bidhaa, uone kama mlinzi atakufukuza.

Waliopewa fedha tu hawakuzinywea, jambo lililowashangaza wengi. Walinunua chakula na nguo, wakaanzisha biashara ndogo, lakini ndani ya mwaka faida ilikuwa imeyeyuka. Waliopata vikao tu walitulia, kisha utulivu ukapungua. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika kwa kudumu. Watafiti waliporudi baada ya miaka kumi, na kuchapisha matokeo mwaka 2022, wizi na makosa mengine kwa kundi hilo yalikuwa yamepungua karibu nusu. Maelezo yao ni kwamba fedha zilinunua muda: miezi michache ya kula bila kuiba, ambamo mtu aliweza kuuzoea utu mpya aliofundishwa. Gharama yote, fedha za mkononi zikiwamo, ilikuwa kama dola 530 kwa mtu.

Ushauri basi ni kama dawa yoyote: una kipimo chake, una madhara yake, na mwenye kuutoa anahitaji mtu wa kumwangalia. Hilo la mwisho ndilo bajeti nyingi hulikata kwanza. Kijana wa miaka 20 anayesikiliza makundi matatu kwa juma atakutana na mambo asiyoyaweza: binti anayelalwa na jamaa wa nyumbani, mvulana aliyekwisha kununua sumu ya panya. Shamiri wana wasimamizi wa ngazi ya juu yake na wataalamu wa kupelekewa kesi kama hizo. Kuvinakili vikao vinne ni rahisi, hata kwa fotokopi. Ngazi hizo za juu zinahitaji mishahara.

Zinahitaji pia sheria isiyomtisha anayesema. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilikitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha katiba. Kifungu hicho kilikuwa kikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Tanzania bado inalihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai. Anayeongoza kundi la wanafunzi Temeke au Mwanza inabidi aambiwe waziwazi, kabla ya kikao cha kwanza, ni nani atakayempigia simu usiku mwanafunzi akimwonyesha kovu la mkononi, na huyo aliyepigiwa atampeleka mtoto hospitali gani, pamoja na nani, na kwa maelezo gani.